Franka Elfu Nne Mia Mbili

Walikuja mchana kweupe, siku ya Jumamosi, na koleo mkononi. Mbele alitangulia Mama Agnès, mtunza sanduku wa kamati ya kabini, transfoma ya umeme ya mtaa, kitenge amekifunga kifuani kama mtu aendaye kupigana. Nyuma yake vijana wawili wenye ngazi. Nyuma ya ngazi, nusu ya avenue, maana watu hawakosi nafasi ya kwenda kutazama mwenzao akiaibishwa.

Mwadi alikuwa ameketi uani kwenye kiti kifupi, akiparua magamba ya samaki. Hakuinuka.

"Mama Mwadi, hodi," Mama Agnès alisema. "Hatukuya na ubaya. Tulikuya kukata."

"Kukata nini?"

"Ile kable ya ile gari."

Gari lenyewe lilikuwa limesimama pale pale, jeupe, refu, la viti kumi na viwili. Ubavuni maandishi NAVETTE 4 yalikuwa yamepakwa rangi juu, lakini bado yalisomeka. Kable nyeusi, nene kama mkono wa mtoto, ilitoka kwenye nguzo ya barabarani, ikapita juu ya ukuta, ikaingia puani mwa gari. Halikuwa gari la esanse, la petroli. Lilikula umeme. Kwenye kioo kidogo karibu na usukani palionyesha 34, na kila baada ya dakika chache namba ilipanda kwa moja. Tangu asubuhi Mwadi alikuwa akiichungulia namba hiyo kama mtu anavyochungulia chungu cha maharagwe wageni wakiwa wamekwisha kuketi.

Mumewe Nkongolo alitoka ndani akivaa koti lake la kazi, la bluu, lenye mistari inayong'aa. Ilikuwa miezi miwili tangu kampuni imwondoe kazini, na koti bado alilivaa kila alipotaka watu wamsikilize.

"Mama Agnès, iko ku makumi tatu na ine. Muache ifike ata makumi munane, kiisha mukate."

"Congélateur yangu ilikufa jana, tata. Ilikufa! Barafu ya kuuzisha yote ikakuwa mayi. Ampoule ya avenue yote iko nyekundu sawa pilipili, mutu hawezi ata kuona mboga mu sahani. Juu ya nini? Juu ya gari moya."

"Kule kazini tulikuwa tunachomeka gari munane pamoja, na ampoule haikutikisika!"

"Basi, vieux, rudia kule kazini," kijana mmoja wa ngazi alisema, na watu wakacheka.

Mama Agnès hakucheka. Alifungua daftari lake la jalada jekundu, akaweka kidole kwenye ukurasa, akamsogezea Nkongolo.

"Soma, tata. Njo weye uko na sauti."

Nkongolo hakuwa na haja ya kusoma. Maneno yalikuwa yake. Miaka miwili nyuma, ofisi ya umeme ilipowaambia wangojee transfoma, nao wakangojea mpaka watoto waliozaliwa gizani wakaanza shule, nyumba arobaini na moja za avenue zilichanga pesa miezi kumi na minne, zikanunua kabini yao wenyewe. Siku ya kuiwasha, Nkongolo ndiye aliyesimama katikati ya mkutano akasema kwamba kabini ndogo haiwezi kubeba mashine ya mtu mmoja. Wakati huo kulikuwa na mashine moja tu, ile ya kuchomelea vyuma ya Ngeleka, nyumba ya kona. Nkongolo alimwita Ngeleka mwizi wa umeme mbele ya watu, na kanuni ya sita ikaandikwa: mashine yoyote inayokula umeme mwingi haiingii kwenye kabini bila ruhusa ya wote, na mwenye kuvunja atakatwa. Sahihi ya kwanza chini ya kanuni ilikuwa ya Nkongolo, kubwa, yenye mkia mrefu.

"Gari haiko mashini," Nkongolo alisema kwa sauti ndogo.

"Iko nini? Iko mbuzi?"

Hapo watu walicheka mpaka mmoja akajishika ukutani. Mwadi aliinua macho, akamwona Ngeleka. Amesimama nyuma kabisa, mkono wa kushoto una makovu ya cheche, anatafuna karanga. Yeye peke yake hakuwa akicheka, na hilo lilimuuma Mwadi kuliko kicheko cha wengine.

Kijana akapanda ngazi. Koleo likauma. Kable ikaanguka uani, ikawafukuza kuku, na namba kwenye kioo ikabaki palepale: thelathini na nne.

*

Karatasi ya Monsieur Séraphin ilikaa kwenye Biblia. Mwadi aliitoa jioni hiyo, akaiweka mezani mbele ya mumewe, akaipigapiga kwa kidole.

Ilikuwa na mistari miwili. Monsieur Séraphin, karani wa wafanyakazi katika kampuni iliyobeba watu kwenda migodini, aliwaandikia kila mmoja wa madereva wanane siku ya kuwafukuza. Kampuni ilikuwa imenunua mabasi mapya. Malipo ya mwisho ya madereva hayakuwepo, alisema, ila yapo magari manane ya zamani, na kila mmoja angepewa lile alilokuwa akiendesha, limalize deni. Nkongolo alikuwa anadai dola elfu tatu na mia moja. Akasita. Ndipo Séraphin akavuta kikokotoo na kumuuliza mkewe anafanya kazi gani. Anauza samaki, huwafuata Nzilo, kwenye bwawa. Basi Séraphin akaandika kwa mkono wake: *Kolwezi–Nzilo–Kolwezi, essence, 32.000 FC*. Na chini yake: *Kolwezi–Nzilo–Kolwezi, recharge, 4.200 FC*. Akaigonga muhuri. Nkongolo alirudi nyumbani na gari kama mtu aliyeoa mke wa pili.

"Tata Nkongolo," Mwadi alisema. "Kule kazini, miaka tatu, mulikuwa munalipa courant ngapi?"

"Tulikuwa tunachomeka tu. Saa nane unaingia, unachomeka ku prise ine, unaenda kukula. Ukirudi, imejaa."

"Nauliza, ngapi?"

"Sikuonaka facture."

"Miaka tatu unatembea mu avenue unasema gari yako haikule kitu. Haikule kitu! Kumbe haukujua mwenye kulipa chakula yake."

"Bei iko ile, Mwadi. Wiki mbili tulifanya na hesabu ilikubali. Uongo?"

Haikuwa uongo. Kwa wiki mbili, umeme ulipokuwepo, bei ilikuwa ile ile ya karatasi. Kabla hazijaanza, kwa kuiamini karatasi hiyo, Mwadi aliwaambia wanawake wa samaki, sita pamoja naye, kwamba nauli ya Nzilo si elfu nane tena kama kwenye magari ya esanse. Ni elfu nne, ila walipe mwezi mzima mbele. Safari tatu kila wiki, kumi na mbili kwa mwezi. Walimpa kwa sababu ni Mwadi. Hakuna aliyedai karatasi. Pesa hiyo ndiyo iliyonunua kable iliyokuwa sasa imelala uani kama nyoka aliyekatwa kichwa. Zilibaki safari sita.

"Gari ni yako," Mwadi alisema. "Lakini jina kule soko ni yangu. Siku ya Kwanza, kesho kutwa, bamama batakuya hapa na mabeseni. Nitabambia nini? Ya kama bwana yangu aliandika kanuni?"

"Nitaongea na Mama Agnès."

"Hautaongea na Mama Agnès. Utaenda kwa Ngeleka."

Nkongolo alivua koti, akalitundika, akalitazama.

"Kwa Ngeleka siendi."

*

Alikwenda Mwadi, Jumapili baada ya misa. Ngeleka alikuwa anasugua kutu kwenye mlango wa chuma. Tangu wamkate, alifanya kazi kwa jenereta, mashine ya kizamani iliyofungwa kwa waya na vipande vya mpira, ikinguruma uani kwake kama mzee mwenye pumu. Wateja walimpungukia, kwa sababu mlango wa Ngeleka ulikuwa na bei ya mlango na bei ya esanse juu yake.

"Mi sina shida na weye, mama," Ngeleka alisema. "Groupe iko. Inatoa courant ya kutosha. Lakini atume bwana yako."

"Bwana yangu ana haya."

"Mi pia nilikuwaka nayo."

Nkongolo alikuja saa nane, bila koti, akisukumwa na macho ya mkewe zaidi ya miguu yake. Gari lilisukumwa mpaka kona, wasipoteze umeme kidogo uliokuwamo. Watoto walifuata. Ngeleka hakumtaka aombe msamaha, wala hakumkumbusha lolote. Alimpa bidoni la esanse, mpira wa kunyonyea na chupa ya lita moja.

"Kamata. Utatia weye mwenyewe, litre moya moya. Unahesabia na sauti."

"Juu ya nini na sauti?"

"Juu mi nimehesabiaka miaka mbili, na hakuna mutu alinisikia."

Basi Nkongolo akamimina. Moya. Mbili. Tatu. Jenereta ilikula kama kiumbe kilichofungwa bila chakula. Saa zilipita, namba ya gari ikipanda polepole, na kila tangi lilipokauka Nkongolo aliinama tena na chupa yake, jasho likimtoka, akihesabu mbele ya watoto, mbele ya wewa, waendesha pikipiki wa kukodi, walioziegesha kutazama, mbele ya Mama Agnès aliyepita mara mbili bila sababu. Gari lilipokuwa na umeme wa kutosha kwenda na kurudi Nzilo, alikuwa amefika kumi na tano.

"Kumi na tano," Ngeleka alirudia. "Litre moya, elfu tatu na mia mbili. Fanya hesabu."

Mwadi alikuwa ameifanya kitambo. "Elfu makumi ine na munane."

"Na gari ya esanse, ya kawaida, kwenda Nzilo na kurudia?"

Wote walijua: lita kumi. Elfu thelathini na mbili. Walikuwa wameunguza esanse ili wapate umeme ili wasiunguze esanse, na imewagharimu mara moja na nusu.

"Kazi yangu ya mikono, sitaki kitu," Ngeleka alisema akifuta mikono. "Nilitaka tu mutu mwingine ajue."

*

Jumatatu walikwenda Nzilo. Wanawake waliimba njiani, kwa sababu gari halikupiga kelele na halikunuka. Marlène, mkubwa wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alisema atakufa akipandishwa tena kwenye pikapu ya esanse. Mwadi alicheka nao. Kifuani alikuwa anahesabu: amepokea elfu ishirini kwa safari hii, nazo alikwisha kuzitumia, na alfajiri ametoa elfu arobaini na nane nyingine kwenye mtaji wa samaki.

Kule Nzilo walinunua samaki kwenye kambi ya wavuvi, chini ya nyaya kubwa zitokazo kwenye bwawa. Nyaya zililia juu ya vichwa vyao, zzzz, usiku na mchana zinalia hivyo, zikipita juu ya vibanda visivyo na taa hata moja, juu ya mashamba ya mihogo, zikienda moja kwa moja migodini. Mwadi alisimama na beseni kichwani akazitazama. Shingo ilimuuma. Aliona hamu ya kutupa jiwe, akajiona mjinga, kisha akaona si mjinga.

Jumatano walikwenda tena. Elfu arobaini na nane nyingine. Jioni ya siku hiyo, kwenye meza yake sokoni, samaki wa Mwadi walikuwa wachache kuliko wa mwanamke aliyeanza biashara mwezi uliopita.

"Mama Mwadi, uko mugonjwa?" Marlène aliuliza. "Beseni yako iko nusu."

"Niko sawa."

"Siku ya tano, kesho kutwa, tunaenda?"

Mwadi alichelewa kujibu. Muda mfupi tu, kama wa kufukuza nzi. Sokoni huo ni muda mrefu.

"Eeh," Marlène alisema, akaweka mikono kiunoni. "Sikiliza, dada. Tulikupatia makuta ya mwezi muzima. Hatukuyapatia gari, tulikupatia weye. Bwana yangu alinichekelea, anasema, 'Utapanda gari ya tochi?' Nikamujibu, Mwadi hajaniongopeaka. Usinifanye nikule ile maneno mbele yake."

"Siku ya tano tutaenda," Mwadi alisema, na meza za jirani zilisikia.

*

Alhamisi alivaa kitenge kizuri, akatia karatasi kwenye mkoba, akaenda ofisini kwa Monsieur Séraphin. Mlinzi alimwonyesha benchi. Aliketi kutoka saa mbili mpaka saa sita. Watu waliofika nyuma yake waliingia na kutoka. Alipoingia hatimaye, Séraphin, kijana mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, hakumwambia aketi. Alimwambia mlinzi:

"Fungua dirisha kidogo. Harufu."

Mwadi alikuwa ameoga mara mbili. Alifungua karatasi.

"Monsieur, ulituandikia elfu ine na mia mbili. Tunalipa elfu makumi ine na munane."

Séraphin aliitazama karatasi kwa furaha, kama mtu aliyekutana na kazi yake nzuri. "Hesabu iko juste, madame. Ata leo, ukiniletea courant, itakuwa ile."

"Courant haiko."

"Ah. Ile ni neno ingine. Mi niliandika bei. Sikuandika ya kama courant itakuwako."

"Ulijua haiko."

"Madame, mi pia kwangu nyumbani haiko," alisema, na akatabasamu kama mtu anayegawa utani. "Usiku nawashaka bougie. Batu bote saba bengine walikuya hapa mbele yako. Kuko mwenye kulazia kuku mu gari yake. Bwana yako alisinya. Iko gari yake. Auzishe."

"Kwa nani?"

Séraphin alifikiri kweli, kwa sekunde moja. "Njo vile," alisema. "Ile iko difficile."

Nje, kupitia dirisha lile lililofunguliwa kwa ajili ya harufu yake, Mwadi aliona uwanja wa kampuni. Ukutani, karibu na lango, kulikuwa na soketi nane zenye vifuniko vya rangi ya machungwa, na namba zimeandikwa juu. Mabasi mapya mawili yalikuwa yamechomekwa. Sita zilikuwa tupu. Taa ya kijani iliwaka juu ya kila moja, mchana, bila kazi, ikingojea tu.

Alikunja karatasi, akairudisha mkobani. Hakuaga.

*

Ijumaa asubuhi wanawake walikuja na mabeseni, wakakuta Mwadi amesimama nyuma ya gari amejifunga kitenge cha shambani. Namba kwenye kioo ilikuwa tatu.

"Tunaenda," Mwadi aliwaambia. "Lakini mbele tutasukuma."

"Mpaka Nzilo?" Marlène aliuliza.

"Mpaka kule ilitokeaka."

Aliwaeleza, maneno machache, bila kuficha kable, wala kanuni, wala mtaji uliokwisha. Mwanamke mmoja alitema mate. Marlène aliweka beseni lake ndani ya gari, akafunga mlango kwa nguvu, akaweka bega.

Nkongolo alikuwa amesimama mlangoni. "Mwadi, bale batu banaweza kunikamata. Nilisinya."

"Ulisinya hapa ku avenue, ulisinya na kule. Leo hatutaki sinyatire, tunataka mutu wa kushika volant."

Nkongolo, bila koti, akaja, akaingia, akashika usukani. Walipofika kona, Ngeleka alizima jenereta yake, akatoka, akaweka makovu yake karibu na bega la Marlène.

Kilomita mbili zilikuwa ndefu. Vumbi jekundu la malori liliwafunika. Wewa waliwapita wakipiga honi.

"Bamama! Mutie mu esanse kidogo!"

"Bamufundishe kutembea, iko mutoto!"

"Tia mukono mu fuko yako, ulipe, kiisha ucheke!" Marlène aliwarudishia, na wawili wakashuka pikipiki wakasukuma mpaka mwisho wa kilima, kwa kuona haya au kwa kupenda ugomvi.

Saa moja na nusu gari lilifika kwenye lango la kampuni. Nkongolo alikata usukani, wakalisukuma likakaa kwa ubavu, pua ukutani, mkia ukutani, lango lote limejaa NAVETTE 4. Akavuta breki ya mkono. Ndani, mabasi ya zamu ya saa mbili yalikuwa yamekwisha kupakia. Watu wa mgodini, kofia magotini, walichungulia madirishani. Mlinzi alipiga filimbi. Hakuna aliyemsikiliza. Dereva wa basi la mbele alipiga honi, kisha akamtambua Nkongolo, akaacha.

Séraphin alikuja akikimbia, tai begani.

"Ni nini hii? Ondosha! Mabasi yachelewe dakika kumi, mugodi unatukata makuta!"

"Njo tunakuya nayo," Mwadi alisema. "Imekufa njaa. Haiwezi kuondoka."

"Musukume!"

"Tulichoka."

"Nitaita polisi."

"Waambie walete na bidoni," Marlène alisema, na ndani ya basi watu wakacheka, wale waliokuwa wanachelewa wenyewe.

Mwadi alisogea karibu na Séraphin, karibu sana, ili asikie vizuri harufu. "Ulisema nikuletee courant, bei itakuwa ile. Courant iko pale. Mi naiona. Utufungulie, tuisukume ndani, tuichomeke. Mabasi yako yatoke. Ao tukae."

Séraphin alitazama saa. Alitazama mabasi, kisha ghorofani, kwenye dirisha la mkubwa wake, ambalo pazia lake lilikuwa linaanza kusogea.

"Muchomeke," alisema. "Haraka, haraka!"

Wakalisukuma ndani. Nkongolo alishuka, akaenda ukutani bila kuangalia, na mkono wake ukajua wenyewe: soketi ya nne. Klak. Namba kwenye kioo ikatikisika. Nne. Tano. Sita. Pale umeme ulikwenda mbio. Alibaki ameshika kifuniko cha rangi ya machungwa, akikipangusa vumbi kwa kidole gumba, na Mwadi akageuza uso, kwa sababu hakuwa bado amemsamehe na hakutaka kumhurumia mapema.

Mabasi yalitoka. Mara Séraphin akataka kuchomoa. Lakini wanawake sita walikuwa wamekwisha kuketi chini ya soketi, mabeseni mapajani, na Ngeleka ameegemea ukuta anatafuna karanga. Séraphin alirudi ofisini. Alirudi uwanjani. Alirudi tena ofisini.

Saa tatu na nusu namba ilikuwa tisini. Mwadi aliinuka, akajipangusa vumbi, akamwita.

"Monsieur Séraphin! Kuya tulipe."

Alifungua fundo la kitenge chake. Noti nane za mia tano, moja ya mia mbili, laini kama kitambaa, zinanuka samaki kutoka upande hadi upande. Alimwekea mkononi moja moja, akihesabu kwa sauti, mbele ya mlinzi na makanika na dereva aliyerudi.

"Ni nini hii?" Séraphin alisema.

"Elfu ine na mia mbili."

"Madame, hapa hatuuzishake courant. Haina bei."

Mwadi alikunjua karatasi, akaishika mbele ya macho yake kwa mikono miwili. "Hii mukono ni ya nani?"

Séraphin alitazama dirisha la ghorofani.

"Nauliza, ni ya nani?"

"Ni yangu."

Kidole gumba cha Mwadi kikasogea kwenye muhuri. "Cachet?"

"Ya société."

"Basi bei iko. Andika reçu."

"Madame..."

"Andika reçu, papa. Mi sitaki kesho mutu aseme Mwadi ni mwizi wa courant."

Ngeleka aliacha kutafuna. Nkongolo alitazama chini.

Séraphin aliandika juu ya boneti ya gari, kwa hasira, akitoboa karatasi kwa kalamu. Mwadi alimsimamia kila neno: recharge, gari moja, Kolwezi–Nzilo–Kolwezi, franka elfu nne mia mbili, zimepokelewa. Kisha akamtuma ndani kuleta muhuri, naye akaenda, akaleta, akagonga.

"Leo tu," alisema.

Mwadi aliupuliza wino mpaka ukakauka.

Waliondoka, wanawake wakipanda na mabeseni yao, Ngeleka mbele karibu na Nkongolo, maana alisema hajawahi kuona Nzilo. Kwenye njia panda, kabla ya barabara ya bwawa, kulikuwa na kibanda cha kurudufu karatasi, jenereta ndogo inatoa moshi mlangoni.

"Simamisha," Mwadi alisema.

Alishuka, akaipita ile jenereta akiziba pua, akaweka risiti juu ya kioo cha mashine.

"Ngapi, mama?" kijana wa kibanda aliuliza.

Mwadi aliwahesabu kwenye vidole wale wengine waliopewa magari, dereva mmoja mmoja, kwa majina yao, pamoja na yule mwenye kuku.

"Saba," alisema. "Na cachet ionekane muzuri."